Ile Vidio ya Testosteroni: Wacha Nijirekebishe

Kuna vidio yangu ya sekunde 58 ambayo nimeifuta kila mahali, lakini bado inazunguka. Wiki iliyopita nimeiona kwa statasi ya kijana wa jirani pale Awendo, mtoto wa kidato cha tatu. Mimi huyo, bila shati, nimesimama kando ya ziwa Homa Bay, jua linazama nyuma yangu, kifua kimepakwa mafuta. Naongea na sauti nzito ya kujilazimisha: "Omera, shida yako si pesa. Si elimu. Si mademu. Shida yako ni testosteroni iko chini. Pandisha hiyo kitu na dunia itakuheshimu."

Kijana wa jirani ameandika chini yake: "Ukweli mtupu."

Manze, siku hiyo sikulala. Kwa sababu si ukweli. Ndani ya hizo sekunde 58 nilidanganya mara tatu, na kuna mtu wa familia yangu aliyelipia. Leo hakuna vichekesho wala densi. Leo najirekebisha. Ni ndefu kidogo, weka bando ukae.

Vile nilifika hapo

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa vidio huwa nasema "nilichagua ndoto zangu". Hakuna kitu kama hicho. Karo ilikwama, mitihani ya kurudia ikarundikana, nikarudi nyumbani Migori na begi moja na koili ya kupikia ya hosteli. Mamangu anauza omena sokoni. Nilimkuta kwa meza yake, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema tu, "Kula kwanza." Hakuniuliza kitu siku hiyo. Hakuniuliza hata mwezi uliofuata. Afadhali angenigombeza.

Nilikuwa na miaka 21, nalala kwa simba yangu nyuma ya nyumba ya mama, naamka saa nne, nashika simu. Na simu inakujua. Ukiwa umeshindwa maisha, inakuletea watu wa kukuambia ni kwa nini. Mimi ililetea majamaa wenye ndevu na magari, wanasema kizazi chetu kimekuwa laini, homoni imeisha, wanaume wamekuwa mboga. Nikaona nimepata jibu. Jibu tamu, kwa sababu halinilaumu mimi, halilaumu karo, halilaumu hata serikali. Linalaumu damu, na damu inaweza kuongezwa kitu.

Nikaenda Homa Bay kukaa na binamu yangu. Yeye ni mtu wa ziwani, anabeba makreti ya samaki tangu alfajiri, mgongo wake ni kama mlango. Jioni tulikuwa tunaenda jimu moja ya mabati, vyuma vya kuchomelea, debe zimejazwa simiti. Hapo ndipo kochi mmoja alituonyesha kichupa cha dawa yenye mafuta. "Hii si dawa za kulevya," akasema. "Hii mwili wako unatengeneza yenyewe. Unaongezea tu."

Binamu alikataa. Alikuwa ameoa miezi mitatu tu, akasema hataki mchezo na mwili. Mimi ndiye niliyemsukuma. Kumbuka hapo, kwa sababu nitarudi.

Uongo wa kwanza: shida yangu ilikuwa testosteroni

Sijawahi kupimwa. Hata siku moja. Nilijua tu iko chini kwa sababu nilikuwa najisikia chini.

Babu yangu, Kwaro, hakusoma biolojia lakini hii homoni aliielewa kuniliko. Alikuwa analima na maksai. Dume akiwa bado mdogo alikuwa anaita mtu wa mifugo, anahasiwa, na baada ya hapo kila mtu kwa boma aliona tofauti: shingo haijai kama ya fahali, hasira inapungua, anakubali nira. Toa korodani, umetoa kitu fulani ndani ya damu. Hicho kitu wanasayansi walikipata kikiwa safi mwaka wa 1935, kule Amsterdam, kutoka kwa korodani za fahali. Walitumia karibu kilo 100 za korodani kupata miligramu 10. Mwaka huohuo kikatengenezwa maabara, na Nobeli ya kemia ya 1939 ikaenda kwa hiyo kazi.

Kazi yake inajulikana. Wakati wa kubalehe ndiyo inayokuvunja sauti, inaotesha ndevu, inajaza misuli, inaimarisha mifupa, inaongeza chembe nyekundu za damu, inaleta hamu ya mapenzi. Wanawake wanayo pia, kidogo kuliko wanaume, na wanaihitaji. Kuna wanaume ambao kweli miili yao haitengenezi ya kutosha, kwa sababu ya ugonjwa wa tezi, ajali au jinsi walivyozaliwa. Hao sindano ni matibabu yao, wanaandikiwa na daktari na wanafuatiliwa. Siwachezei hata kidogo.

Lakini mimi? Nilikuwa nalala saa tisa usiku, naamka na simu mkononi, nakunywa, sina kazi. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chicago walichukua vijana 10 wenye afya nzuri, wakawalaza saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu ya usingizi mbaya, na hao walikuwa wazima. Mimi nilikuwa nimeharibu usingizi mwaka mzima. Pengine kweli ilikuwa imeshuka kidogo. Dawa yake ilikuwa mto na blanketi, zote nilikuwa nazo.

Na hata ingekuwa juu kama ya fahali, karo ingebaki palepale.

Uongo wa pili: unaongezea tu

Hapa ndipo kochi alitupata, na hapa ndipo nawaomba msome polepole.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi. Inatuma ujumbe kwa tezi ndogo, saizi ya njegere, inaitwa pituitari. Pituitari nayo inatuma homoni mbili kupitia damu hadi kwa korodani. Ya kwanza inasema: tengeneza testosteroni. Ya pili inasema: shughulikia mbegu. Halafu ubongo unaangalia damu. Testosteroni ikitosha, unapunguza amri. Ikipungua, unaongeza.

Watu wa Awendo mtaelewa haraka. Fikiria kiwanda cha sukari. Meneja anaangalia ghala. Ghala likipungua, anaamuru miwa isagwe. Sasa sukari ya nje inaanza kuingia na malori, usiku na mchana, mpaka ghala linafurika. Meneja haulizi imetoka wapi, anaona tu imejaa. Anazima mitambo. Trekta zinasimama, miwa inakauka shambani, wafanyakazi wanaenda nyumbani. Na siku malori yakikatika ndio unajua huna sukari ya nje wala ya ndani.

Huo ndio mwili wa mtu anayejidunga bila sababu. Ubongo unaona damu imejaa, unanyamaza. Korodani hazipati amri, zinaacha kazi, zinasinyaa. Ndiyo, zinasinyaa, na hakuna mtu wa jimu anakuonyesha picha ya hiyo. Mbegu nazo zinapungua hadi zinaweza kuisha kabisa, kwa sababu mbegu zinakomaa kwa testosteroni iliyotengenezwa mle mle ndani, kali kuliko ile ya damu. Ya sindano haifiki huko kwa kiwango kinachotakiwa.

Na hii si siri mpya. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu testosteroni kama njia ya wanaume kupanga uzazi. Matokeo yalitoka mwaka wa 1990. Wanaume 271 katika nchi saba walidungwa miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao mbegu zilifika sifuri. Hao wakaendelea mwaka mzima bila kinga nyingine yoyote, na mimba ikapatikana moja tu.

Sisi kule Homa Bay tulikuwa tunapiga miligramu 250 kwa wiki. Yaani tulikuwa tunajidunga dawa ya kupanga uzazi, tukiita nguvu za kiume.

Zilizobaki nilizipata zote. Chunusi mgongoni mpaka nalala kwa tumbo. Testosteroni ikizidi, mwili unageuza sehemu yake kuwa homoni ya kike, kwa hivyo chuchu zikaanza kuuma na kuvimba. Ndiyo maana vidio za mwisho nilikuwa navaa vesti, kama mlijiuliza. Damu inakuwa nzito kwa sababu chembe nyekundu zinazidi, na damu nzito inaweza kuganda mahali haifai kuganda. Mafuta mazuri ya damu yanashuka. Nywele, kama kwenu kuna upara, zinaondoka mapema. Misuli ilikuja, siwezi kukataa. Ile picha ilikuwa ya kweli. Nyuma ya picha ndiyo sikuwaonyesha.

Niliacha baada ya miezi mitano. Usifikiri nilipata akili, niliishiwa pesa. Malori yalikatika. Miezi miwili nilikuwa nalala mchana, sitaki chakula, sitaki msichana, nalia kwa matangazo ya redio. Nikijua nilikuwa nimeanza hii safari ili nisijisikie chini.

Uongo wa tatu: testosteroni ndiyo ilinifanya mkali

Hii ndiyo inaniuma zaidi kuandika.

Siku niliyodungwa sindano ya kwanza, nilipanda matatu jioni kwenda nyumbani. Tulipofika steji ya Migori makanga akakataa kunirudishia chenji ya shilingi 50. Siku zingine ningebishana nikacheka nikaenda. Siku hiyo nilimsukuma kwa kifua na mikono miwili. Akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro, damu. Alikuwa kijana wa umri wangu. Watu walitushika. Nililipa matibabu na pesa za mama, omena ya wiki mbili. Na usiku huo nikawaambia wasee kwa vidio, natabasamu: "Hiyo si mimi, hiyo ni testo."

Baada ya miezi mitatu kochi alinipa stori akicheka. Ile siku ya kwanza mzigo ulikuwa haujafika. Hakutaka nirudi nyumbani na pesa yangu. Alinidunga vitamini.

Vitamini, jamani.

Nilikaa na hiyo stori muda mrefu. Halafu nikakutana na utafiti mmoja wa Zurich, ulitoka katika jarida la Nature mwaka wa 2010. Walichukua wanawake zaidi ya 100, wengine wakapewa testosteroni, wengine kidonge kitupu, bila kujua nani amepata nini. Kisha wakacheza mchezo wa kugawana pesa: mmoja anapendekeza mgawo, mwenzake anakubali au anakataa, na akikataa wote wanakosa. Ungefikiri waliopata testosteroni wangekuwa wachoyo na wababe. Kinyume chake. Waligawa kwa haki zaidi. Lakini waliulizwa pia, unafikiri umepewa nini? Wale walioamini wamepewa testosteroni, iwe kweli au si kweli, ndio waliokuwa wachoyo.

Soma tena hapo. Homoni haikuleta ubabe kwa huo mchezo. Stori kuhusu homoni ndiyo iliuleta.

Sisemi haifanyi chochote kwa tabia. Dozi kubwa za wajenga misuli zinaweza kubadilisha hisia za mtu, na kila mwili una yake. Lakini binamu yangu alidungwa kichupa kilekile na mimi, dozi ileile, tena kwa muda mrefu kuniliko. Hakumgusa mtu. Jumapili alikuwa kwaya, anaimba besi. Yeye hakuwa na stori ya kuwa simba wa kidunia. Mimi ndiye nilikuwa nimeshiba hiyo stori miezi kabla ya sindano. Sindano ilinipa ruhusa tu, na hata haikuwa sindano yenyewe.

Kuna kingine. Tumezoea kufikiri testosteroni inaamua maisha yako. Mara nyingi maisha yako ndiyo yanaiamua. Jirani zetu Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kuna Wahadza, wawindaji, na kuna Wadatoga, wafugaji. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha vipimo vya wanaume wa pande zote mbili. Baba wa Kihadza hubeba watoto, hulala nao, hucheza nao. Kwa Wadatoga, mtoto mchanga ni kazi ya mama. Matokeo: kwa Wahadza, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, hapakuwa na tofauti. Watafiti waliona inalingana na malezi: baba akishika mtoto, damu yake inaambatana na kazi aliyonayo.

Ukiwa na ule ubongo wangu wa 2023 ungesema, "Aah, Wahadza wamekuwa laini." Hao ni watu wanaowinda kwa upinde na mshale. Kushuka kwao hakukuwa ugonjwa. Mwili ulisoma kwamba kuna mtoto wa kulea.

Mwingine anaambiwa apunguze

Nikiwa kitandani ile miezi miwili nilitazama tena mbio za mita 800 za wanawake, Rio 2016. Mkenya wetu Margaret Wambui alichukua shaba, 1:56.89, nyuma ya Semenya wa Afrika Kusini na Niyonsaba wa Burundi. Miaka mitatu baadaye, Mei 2019, sheria ya shirikisho la riadha la dunia ikaanza kazi: mwanamke mwenye hali fulani ya kuzaliwa inayopandisha testosteroni hakubaliwi mbio za mita 400 hadi maili moja mpaka aishushe chini ya nanomoli 5 kwa lita, na aiweke hapo miezi sita. Wote watatu wa lile jukwaa wakafungiwa nje ya hizo mbio. Mwaka wa 2023 kiwango kikashushwa hadi 2.5, na kwa mbio zote.

Mjadala wa haki kwa wanariadha wengine ni mkubwa na siumalizi hapa. Lakini fikiria hiyo picha. Msichana wa Kenya, mzima, hajameza kitu, anaambiwa atumie dawa apunguze alichozaliwa nacho ili akubalike ni mwanamke wa kutosha kwa mbio zake. Na mimi, mzima, sijapimwa kitu, najidunga niongeze nilichozaliwa nacho ili nikubalike ni mwanaume wa kutosha. Yeye alilazimishwa na sheria. Mimi sheria yangu niliipata kwa simu.

Kwaro aling'olewa meno sita ya chini ya mbele ndio ahesabiwe mtu mzima. Kwa Wakuria, kule Kehancha, ni kisu. Kwetu Wajaluo kisu kilikuja juzi tu, kampeni ya hospitali ya 2008, na hiyo ilikuwa ya kujikinga na virusi, haikuwa ya kupima uanaume. Kila kizazi kinatafuta mahali kwa mwili pa kuweka alama ya uanaume. Sisi tumeiweka ndani ya damu, pahali hatuoni, halafu tunanunua kutoka kwa mtu tusiyemjua. Meno ya Kwaro angalau aliyaona yakitoka.

Binamu

Ameniruhusu niandike, bora nisimtaje jina.

Mimi niliacha baada ya miezi mitano. Yeye aliendelea hadi miezi 14, kwa sababu kazi ya makreti ilikuwa rahisi na watu wa ufuo walikuwa wanamsifu, ruath, fahali. Ndoa ikafika mwaka, hakuna mtoto. Ikafika mwaka na nusu. Na mnajua kwetu swali linaenda kwa nani. Mke wake aliulizwa na mama mkwe, akaulizwa na mashemeji, akaulizwa na mwanamke wa kuuza nyanya. Alikunywa mizizi ya kila rangi. Mtu mmoja alimwambia mbele ya mumewe, "Shamba likiwa mawe, mkulima hutafuta lingine." Binamu yangu alinyamaza. Nani angemshuku yeye? Angalia mabega hayo.

Mke ndiye aliyesema waende hospitali, wote wawili. Yeye alipimwa, hana shida. Binamu akapewa kikopo. Majibu: mbegu sifuri. Daktari alimwangalia mabega, akamuuliza swali moja tu: "Unajidunga?"

Alinipigia simu usiku huo kutoka ufuoni, nilikuwa nasikia maji. Hakunitukana, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliniuliza tu, "Omera, ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Lakini nilikuwa nimesema kwa sauti ya mtu anayejua.

Aliacha. Daktari alimweleza kwamba kwa wengi mbegu hurudi, lakini ni miezi, wengine mwaka na zaidi, na wachache hawarudi walivyokuwa. Kipimo cha pili, baada ya miezi saba, zilikuwepo chache. Chache si sifuri. Kipimo cha tatu ni mwezi ujao.

Lakini kuna kitu alifanya kabla ya hicho kipimo cha pili, wakati hakujua kama zitarudi. Alienda kwa mama yake na mke wake, akaita na wale mashemeji, akasimama kwa sebule akasema, "Mmemsumbua huyu bure. Shida ni mimi. Nilijiharibu na sindano." Mke wake ananiambia chumba kilinyamaza mpaka wakasikia kuku nje. Mabega yalikuwa yameshaanza kupungua siku hiyo.

Kwa hivyo ufanye nini

Kama unahisi kweli kuna kitu hakiko sawa, hamu imeisha, nguvu hakuna, ndevu zimekataa kabisa na umri umepita, nenda hospitali. Kipimo ni cha damu, kinachukuliwa asubuhi kwa sababu ndipo homoni iko juu, na kinarudiwa siku nyingine kabla mtu yeyote hajakwambia iko chini. Mtu wa jimu hawezi kuiona kwa macho. Wala mimi kwa vidio.

Zile tembe za "nguvu" za kibanda cha steji hazigusi testosteroni. Nyingi zinachezea mtiririko wa damu, na ukiwa na shida ya moyo zinaweza kukumaliza.

Kama unajidunga tayari, usione aibu na usijifanyie daktari. Mwambie daktari ukweli wote, dozi na miezi, akusaidie kutoka. Mimi nilitoka peke yangu, simshauri mtu.

Kama wewe ni mwanariadha, hiyo kitu ni haramu kwa sheria za dawa za michezo, bila stori.

Na kama hujaanza: lala, kula ugali wako na omena, inua vyuma upendavyo. Mwili utajaa polepole. Ukijaa, bado hautalipa karo, hautamfanya mama akuulize lile swali ambalo haulizi. Mimi ilibidi nimwambie mama mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba sirudi chuo na kwamba naogopa. Nilimwambia mwezi uliopita, tukichambua omena. Akasema, "Nilikuwa nangoja."

Wewe wa kidato cha tatu, najua utasoma hii. Nilikuja kwenu jana nikakuta umeenda preps. Kama bado uko na ile vidio, ifute. Na kama ulimtumia mtu, mtumie na hii.